Moto ni Kitu Gani?

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, baridi ilipokuwa kali hata majani ya kiwanjani yakawa meupe kwa sakitu, wakulima walikuwa wamesimama nje ya ofisi yetu ya kilimo wakingoja kuandikisha mbegu za viazi. Mlinzi wa usiku alikuwa ameacha makaa yakiwaka katika karai kuukuu, na watu walilizunguka wakiota moto. Nilipotoka na daftari langu, mzee mmoja wa huko juu Kinangop aliniuliza mbele ya watu wote: "Karani, nasikia wewe ulisomea ualimu. Hebu tufundishe. Jiwe nalishika mkononi, maji nayateka kwa debe, upepo nausikia usoni. Huu moto nao ni kitu gani katika hivyo vitatu?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na haraka, nikamjibu, "Moto ni joto tu, mzee," nikaanza kuita majina. Lakini yeye hakucheka. Akasema, "Basi ni joto lililotaka kuniulia mjukuu juzi?"

Nikalifunga daftari nimsikilize. Alieleza ya kuwa mke wa mwanawe, kwa sababu ya baridi, alilichukua jiko la makaa akaliweka katika chumba cha kulala. Alifunga dirisha, akaziba kwa gunia nafasi iliyo chini ya mlango. Makaa yalikuwa yamekwisha kushika vizuri, mekundu kabisa, hayana moshi. Karibu na alfajiri mtoto alianza kulia kwamba kichwa chamuuma. Mama yake akainuka ili amtazame, magoti yakamlegea, akaanguka juu ya sufuria. Mzee alisikia kishindo kile, akauvunja mlango, akawatoa nje wote wawili. Walipelekwa hospitali na wakapona. "Hapakuwa na moshi," akasema mzee, "wala hapakuwa na ulimi wa moto. Mimi mwenyewe nilinusa chumba kile, sikusikia harufu ya kitu. Ni nini kilichowashika?"

Hapo niliona ya kuwa jibu langu la kwanza lilikuwa jibu la mtu mvivu. Basi, ndugu msomaji, somo la mwezi huu ni swali la mzee huyo, na nitalijibu polepole, maana mtu hawezi kujua ni nini kilichomo katika jiko lisilo na moshi kama hajui kwanza moto wenyewe ni nini.

Vitu vyote tunavyovishika na kuvitumia viko katika mojawapo ya hali tatu. Viko vitu vigumu, kama jembe na jiwe. Viko vitu vya majimaji, kama maziwa na mafuta ya taa. Na viko vitu vilivyo katika hali ya hewa, ambavyo huitwa gesi. Kitu kimoja chaweza kupita katika hali zote tatu. Sakitu inayochoma viazi vyetu ni maji yaliyokuwa magumu. Jua likitoka huyeyuka, yakawa maji ya kuteka. Ukiyatia katika sufuria na kuyapasha, huchemka na kuwa mvuke, nao mvuke ni gesi. Vitabu husema maji huchemka kwa digrii 100 za sentigredi. Hiyo ni pwani. Kwetu juu, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwa kama digrii 92 tu, na ndiyo sababu maharagwe ya Kinangop hukawia kuiva.

Sasa moto uko wapi katika hali hizo? Jaribu kuutia katika debe na kulifunika. Ukifunua baadaye utakuta hewa, moshi kidogo na masizi. Moto haumo. Si kwamba umetoroka. Moto si kitu cha namna yake peke yake, kama maji au chuma. Moto ni kazi inayofanyika. Fikiri juu ya soko. Soko si watu peke yao, wala si mali, wala si kiwanja, bali ni kule kukutana na kubadilishana. Jioni watu wakienda zao, hakuna aliyelibeba soko nyumbani kwake, limekwisha tu. Moto ni soko la namna hiyo. Wanaokutana hapo ni kitu kinachoweza kuungua na gesi moja iliyo katika hewa, na wanapobadilishana hutoka joto na mwanga.

Lakini ulimi wa moto, ule tunaouona ukicheza juu ya kuni, una mwili wake. Huo ni gesi yenye joto kali, na ndani yake zimo chembe ndogo mno za masizi, ambazo ni kitu kigumu. Chembe hizo zikipata joto la digrii 1,000 hivi hung'aa kama chuma katika karakana ya mhunzi, na ndizo zinazoupa moto wa kuni na wa mshumaa rangi ya manjano. Ukiweka chini ya sufuria, chembe zile hupoa na kugandamana, nawe jioni huzikwangua kwa mchanga. Katika stovu ya pampu iliyosafishwa vizuri moto ni wa buluu, kwa kuwa mafuta yamegeuzwa kuwa gesi na kuchanganywa na hewa kabla ya kuwaka, masizi hayapati nafasi ya kutokea.

Msijione wajinga kwa kutojua mambo haya. Wataalamu wa Ulaya walikosea kwa muda wa karibu miaka mia moja. Walisadiki ya kuwa katika kila kitu kinachoungua kimo kitu fulani cha moto, na kuungua ni kule kutoka kwake. Aliyeivunja fikira hiyo ni Mfaransa mmoja, Antoine Lavoisier, katika miaka ya 1770 na 1780. Yeye hakubishana sana. Alipima kwa mizani. Alipasha zebaki kwa siku nyingi katika chombo kilichofungwa pamoja na hewa. Juu ya zebaki palitokea unga mwekundu, na sehemu ya hewa ilikuwa imepungua, nayo hewa iliyobaki ilizima mshumaa. Baadaye aliupasha unga ule kwa joto kali zaidi, nao ukaitoa tena ile hewa iliyokuwa imepotea. Kwa hiyo kitu kinachoungua hakitoi kitu cha moto, bali huchukua kitu kutoka katika hewa. Kitu hicho alikiita oksijeni. Lavoisier alikuwa pia mmoja wa wakusanya kodi, na kwa ajili ya kazi hiyo alikatwa kichwa mjini Paris mwaka wa 1794. Sisi makarani tunaopokea fedha za watu humkumbuka kwa sababu zote mbili.

Yafaa sasa ujionee mwenyewe, maana jambo la namna hii halisadikiki kwa maneno. Chukua mshumaa, uwashe, uache uwake dakika chache mahali pasipo na upepo. Uzime kwa kuupuliza kidogo. Utaona moshi mweupe ukipanda kutoka katika utambi. Upesi, kabla haujaisha, lete njiti ya kibiriti inayowaka, uitie katika moshi ule, mbali na utambi kwa upana wa kidole kimoja au viwili. Moto utaruka kutoka kwenye njiti, utashuka kwa njia ya moshi na kuuwasha utambi ambao hukuugusa. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi ambaye hakupata shule nyingi, aliwaonyesha watoto wa London jambo hili katika masomo yake ya mwaka wa 1860 na 1861, na tangu hapo walimu wengi wameliiga. Mimi nimelifanya mbele ya darasa la nne likanishinda mara mbili, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi.

Jambo hili lafundisha nini? Ya kuwa kinachowaka si nta ngumu, wala si nta iliyoyeyuka. Joto huyeyusha nta, utambi huinyonya, joto huigeuza kuwa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayowaka. Hali zote tatu zimo katika mshumaa mmoja.

Kuni nazo ni hivyo hivyo, ila kazi yake ina hatua zaidi. Siku moja keti ukautazame ukuni kwa makini tangu kuwashwa mpaka kuisha. Kwanza utausikia ukilia, na mwishoni mwake patatoka povu na maji. Huo ni wakati wa kukausha. Ukuni wenye maji hauwezi kupata joto zaidi ya lile la maji yanayochemka mpaka maji yaishe, kwa hiyo moto wako wote unafanya kazi ya kutoa mvuke tu. Baada ya hapo, joto likiwa kati ya digrii 200 na 300, ukuni wenyewe huanza kuvunjika na kutoa gesi na moshi. Gesi hizo zikikutana na hewa zikiwa na joto la kutosha, hushika moto, nazo ndizo zile ndimi. Mwisho gesi zote zimekwisha, ndimi zimetoweka, na kilichobaki ni kaa jekundu. Hilo sasa ni kitu kigumu kinachoungua juu ya ngozi yake, bila ulimi. Mshike msomaji neno hilo, tutalirudia.

Akina mama wanaopika kwa kuni mbichi wanapata hasara ambayo haionekani. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukitia motoni kilo mbili za kuni za namna hiyo, umetia pia karibu lita nzima ya maji. Joto la kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka iwe mvuke ni karibu mara saba ya lile linalohitajiwa kuichemsha kutoka baridi. Maana yake, moto wa kuni mbichi hupika chai ya mtu asiyekuwapo kabla ya kupika yako. Tena, kwa kuwa joto ni dogo, gesi za ukuni hazishiki moto. Hupaa zikiwa moshi, zikaingia katika macho na mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni. Moshi ni kuni ambazo hazijaungua. Umezikata, umezibeba, kisha umezipeleka kwenye paa. Pasua kuni zako mapema, uzipange chini ya ukingo wa paa zipate upepo msimu mmoja, nawe utahitaji chache.

Tuingie sasa katika kemia yenyewe. Nitaisema kwa maneno machache.

Hewa tunayovuta ni mchanganyiko. Katika kila sehemu mia, 78 ni naitrojeni, ambayo haisaidii moto, na 21 ni oksijeni. Kuni kavu ni kaboni karibu nusu ya uzito wake, na sehemu nyingine ni haidrojeni na oksijeni, pamoja na madini kidogo yaliyotoka katika udongo. Kuni zikiungua vizuri, kaboni hushikana na oksijeni ikawa gesi inayoitwa kaboni dayoksaidi, na haidrojeni hushikana na oksijeni ikawa maji. Ndiyo, moto huzaa maji. Weka sufuria ya maji baridi juu ya moto unaowaka vizuri, na mara moja utaona chini yake pametoka jasho. Watu wengi hudhani sufuria imetoboka. Jasho lile ni maji yaliyozaliwa katika moto.

Mtu akiona mzigo mzima wa kuni umebaki jivu la kujaza kopo, hufikiri kuni zimepotea. Hakuna kilichopotea. Kilo 12 za kaboni huchukua kilo 32 za oksijeni, zikawa kilo 44 za gesi. Kwa hiyo makaa yako, yakiisha kuungua, ni mazito kuliko yalivyokuwa kwenye gunia, ila uzito huo umekwenda hewani. Jivu ni yale madini tu, potashi na chokaa, ambayo mti uliyavuta kutoka chini. Jivu yafaa lirudishwe shambani, lakini kidogo kidogo. Naitrojeni iliyokuwa katika mmea hairudi. Imetoka na moshi. Nalisema hili kwa ajili ya wenzetu wanaochoma mabua ya mahindi kila mwaka na halafu kuja ofisini kuuliza bei ya mbolea.

Joto linatoka wapi? Kaboni na oksijeni zikikaa mbalimbali ni kama gari lililosimama juu ya mlima. Zikishikana ni kama gari limeteremka bondeni, na nguvu iliyokuwa nayo juu hutoka. Nguvu hiyo iliwekwa na jua, siku mti ulipokuwa ukikua na kuzitenganisha. Lakini gari halianzi kuteremka peke yake; lahitaji kusukumwa kwanza. Kibiriti ndicho msukumo huo. Baada ya hapo joto la ukuni mmoja husukuma mwingine, na moto unaendelea wenyewe.

Sasa turudi kwenye chumba cha yule mama.

Makaa hutengenezwa kwa kuzipasha kuni moto katika tanuri lililofunikwa kwa udongo, hewa ikiwa haba. Maji hutoka, kisha gesi na moshi hutoka, na kinachobaki ni kaboni karibu tupu. Kwa ajili hiyo makaa yakiisha kushika hayana moshi; moshi wake ulikwisha kutoka siku nyingi porini. Na kwa ajili hiyo watu huyaamini. Husema, moto huu ni safi, naweza kulala nao. Hapo ndipo kosa lilipo.

Tazama jiko lililojaa makaa mekundu. Hewa huingia kwa tundu la chini. Oksijeni ikikutana na makaa ya chini hushikana na kaboni, ikawa kaboni dayoksaidi, kama nilivyoeleza. Gesi hiyo hupanda, na katika kupanda hupita kati ya makaa mengine yenye joto kali ambayo hayajapata oksijeni ya kutosha. Makaa hayo huinyang'anya. Kila sehemu ya kaboni dayoksaidi huchukua kaboni nyingine na kugeuka kuwa sehemu mbili za gesi ya namna nyingine, iitwayo kaboni monoksaidi. Hiyo ni gesi ambayo haijamaliza kuungua. Ikifika juu na kukuta hewa ya kutosha na joto la kutosha, humalizia kazi yake, na utaona ndimi ndogo za buluu zikicheza juu ya makaa. Labda umeziona mara nyingi bila kujua ni nini.

Lakini usiku, chumba kikiwa kimezibwa, oksijeni hupungua. Makaa hufifia, ndimi za buluu huzimika. Gesi ile haikomi kutoka. Imekoma kuungua tu. Huingia chumbani jinsi ilivyo. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Mzee alinusa chumba asisikie kitu, na hakukosea, kwa maana pua ya mwanadamu haiwezi kuitambua.

Gesi hii huua kwa njia hii. Damu yetu hubeba oksijeni kutoka mapafuni mpaka kila mahali mwilini, kama lori libebavyo maziwa. Kaboni monoksaidi hupanda katika lori hilo hilo, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo hata ikiwa kidogo hewani, polepole hujaza malori yote, na oksijeni haipati pa kukaa. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea magoti. Akili huchanganyikiwa kabla hajafahamu ya kuwa yumo hatarini, na mara nyingi anapotaka kuinuka miguu haimkubali. Aliyelala usingizi haoni dalili hata moja. Watoto wadogo hushikwa upesi, kwa sababu huvuta pumzi kwa haraka kuliko sisi, na mama mwenye mimba ana hatari mbili, yake na ya mtoto aliye tumboni.

Yule mama aliokolewa na sufuria aliyoiangukia. Hakuna sababu nyingine. Sufuria ingekuwa jikoni, mzee angeendelea kulala.

Nimesikia watu wakishauriana kulifunika jiko kwa majivu ili "kulipoza" kabla ya kuliingiza ndani. Hilo ni baya zaidi. Majivu hupunguza hewa inayofika kwenye makaa, nayo makaa yakikosa hewa ndipo yanapotoa gesi hii kwa wingi. Wengine huweka sufuria ya maji kando ya jiko wakidhani maji yatainyonya sumu. Hayainyonyi. Wengine huacha dirisha wazi kwa ufa mwembamba. Hakuna ajuaye ufa wa kiasi gani watosha, kwa kuwa makaa hayalingani, upepo haulingani, na vyumba havilingani. Jiko la makaa lisiingie kabisa katika chumba wanamolala watu. Oteni moto jioni mahali penye mlango wazi, kisha jiko likae nje kabisa, si ukumbini, na kila mtu aende kitandani na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa. Chupa hiyo hukaa na joto kwa muda mzuri wa usiku, wala haivuti oksijeni ya mtu.

Neno kwa wanaolea vifaranga kwa jiko. Najua wengi wenu, vifaranga wakiwa wachanga na usiku una baridi, hulala nao chumba kimoja ili kuchochea makaa. Banda la vifaranga liwe na matundu ya hewa juu karibu na paa, nawe usilale humo. Ingia, tazama, ongeza makaa yaliyokwisha kushika nje, kisha toka. Ukikuta vifaranga wamelegea bila ugonjwa unaoujua, fungua mlango kwanza, ndipo uwatazame.

Na ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, usianze kumwuliza habari. Vuta pumzi nje, ingia, fungua mlango, mburute mpaka penye hewa, hata kama kuna baridi. Legeza nguo zake. Kama havuti pumzi, mpulizie pumzi kinywani kama mlivyofundishwa katika masomo ya huduma ya kwanza, na watu wengine watafute gari. Apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu, kwa sababu gesi hukawia kutoka katika damu na hospitali wana oksijeni ya kumpa. Waambie waganga waziwazi ya kuwa palikuwa na jiko ndani. Usione haya, wasipojua watadhani ni malaria.

Mengine juu ya moto nitayapita upesi. Moto hukaa juu ya mafiga matatu: kitu cha kuungua, oksijeni na joto. Ondoa figa moja, sufuria huanguka. Maji huzima moto wa kuni kwa sababu huondoa joto. Lakini usimwage maji juu ya mafuta yanayowaka, yawe ya taa au ya kukaangia. Mafuta ni mepesi, hukaa juu. Maji hushuka chini yake, hugeuka mvuke kwa ghafula, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Hulipuka na kuyarusha mafuta yenye moto mpaka darini. Funika kwa kifuniko cha sufuria, au kwa gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, au mwagia mchanga. Hapo umeondoa figa la oksijeni. Na wenye ng'ombe wa maziwa wanaoweka majani makavu ghalani wakumbuke ya kuwa majani yaliyowekwa yakiwa na unyevu hufanya joto lenyewe kwa sababu ya vijidudu vilivyomo, na joto hilo laweza kuzidi mpaka ghala likawaka bila mtu kuleta kibiriti. Tia fimbo ya chuma katikati ya lundo, iache kwa muda, uitoe. Ikiwa huwezi kuishika, ita majirani na maji yawe tayari kabla hujaanza kulifumua, maana hewa mpya ikiingia huweza kuliwasha.

Yule mzee alirudi mwezi wa Agosti kuchukua mbegu zake. Nilimweleza yote haya tukiwa tumekaa juu ya magunia, naye alisikiliza akitikisa kichwa. Aliniambia ya kuwa mwanawe amekwisha kutoboa matundu chini ya paa la jikoni, na ya kuwa jiko sasa hulala nje chini ya karai lililotobolewa, kwa ajili ya mvua. Mjukuu hulala na chupa. Kisha akatia alama ya kidole katika daftari, akainua gunia lake, na alipofika mlangoni akageuka.

"Na radi, Karani? Nayo ni moto?"

Nikamwambia hapana, mzee, katika radi hakuna kinachoungua. Ni hewa yenyewe iliyopasuliwa na umeme mpaka ikaingia katika hali ya nne, ambayo sikuitaja. Akaliweka gunia chini ili anisikilize. Lakini mstari ulikuwa mrefu nyuma yake, nikamwomba asubiri mpaka mwezi ujao.